Besi ya Usiku: kutoka daftari la fundi mitambo

Jumanne, 6 Mei 2025. Kisauni, Mombasa

Mzee wa mtaa amekuja studio baada ya alasiri na karatasi ya malalamiko, majina yamejaa pande zote mbili. Ni ile baa mpya nyuma ya maghala. "Maneno tumeshayaandika," amesema, "ila wakubwa wanataka namba. Wewe mwanangu ndiwe mwenye kile kidude."

Kidude ni mita ya sauti, pamoja na kile kikopo chake cha kuisawazisha kinachotoa hezi 1000 kwa desibeli 94 kamili. Na namba wanayoitaka wakubwa ni dB(A). Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 ndivyo zinavyosema: eneo la makazi, usiku, 35, iwe ndani ya nyumba au nje, na usiku wenyewe unaanza kuhesabiwa saa mbili. Thelathini na tano! Mtaani kwetu hata majogoo wanavunja sheria.

Nimemwambia nitapima Jumamosi. Sikumwambia kwamba ile herufi A ndiyo inayonitia mashaka.

Alhamisi, 8 Mei

Hakuna kazi leo mpaka jioni. Nimekaa na kalamu na majedwali ya ISO 226, kiwango cha kimataifa cha jinsi sikio linavyosikia ukubwa wa sauti.

Niandike kwanza asili ya mambo, nisije nikaitafuta tena. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wa maabara za Bell kule Marekani, walichapisha mistari yao maarufu. Waliwasikilizisha watu sauti ya hezi 1000, kisha sauti nyingine nene au nyembamba, na kila mmoja akawa anasema zipi ziko sawa. Ikaonekana wazi kwamba sikio linabagua. Sauti nene linaitaka iwe na nguvu nyingi zaidi ndipo liihesabu sawa na ile ya katikati. Hapo ndipo foni inapokaa: sauti yoyote inayosikika sawa na hezi 1000 ya desibeli 40 ina foni 40, hata kama yenyewe ina desibeli 73. Halafu Stanley Smith Stevens, mwaka 1936, akaleta soni, ambayo ndiyo kipimo cha ukubwa wenyewe: foni 40 ni soni 1, foni 50 ni soni 2, foni 60 ni soni 4. Kila foni 10, maradufu.

Kichujio cha A kilikatwa kwa kuufuata mstari mmoja tu kati ya mistari hiyo, ule wa foni 40. Palikuwa na B kwa sauti za kati na C kwa sauti kubwa. B imeshazikwa, C wanaikumbuka wachache, A imekuwa ya kila kitu, kuanzia feni ya ofisini mpaka uwanja wa ndege.

Sasa hesabu. Kwenye hezi 63, pale inapoishi besi ya kisasa, A inakata desibeli 26. Inakata 26 iwe sauti ni ndogo au kubwa. Lakini mistari haiko sambamba, na hapa ndipo penye utamu. Kwa jedwali la 2003, foni 40 kwenye hezi 63 inahitaji desibeli 73. Foni 80 inahitaji 98. Hezi 1000 imepanda desibeli 40, hezi 63 imepanda 25, na sikio linasema zimepanda sawa. Kwa hiyo huku chini, desibeli sita na kitu zinatosha kuongeza ukubwa maradufu, wakati kwenye sauti ya mtu anayezungumza unahitaji kumi.

Ndiyo maana muziki ukipunguzwa besi hutangulia kufa, na ukipandishwa besi ndiyo huvamia. Redio kubwa za zamani zilikuwa na kitufe cha kurudisha besi pale unaposikiliza kwa sauti ndogo. Babu alikuwa nacho kwenye ya kwake na alikiacha kimebonyezwa maisha yote, sauti ndogo au kubwa.

Jumamosi, 10 Mei, usiku

Nimepima chumbani kwa Bi jirani, yule ambaye ukuta wake unatazamana na maghala. Madirisha yamefungwa, feni imezimwa, sote tumenyamaza, pamoja na mjukuu wake aliyeahidiwa soda.

Mkanda wa hezi 63: desibeli 73, nyakati muziki unapokolea. Mikanda ya juu karibu mitupu. Maneno ya nyimbo hayafiki, gitaa halifiki, yamebaki kwenye matofali. Ukuta huzuia sauti nyembamba vizuri na nene vibaya. Kilichoingia ni dundo peke yake. Ukitoa 26, mita inaonyesha 47 dB(A).

Mzee wa mtaa amefurahi. Arobaini na saba dhidi ya thelathini na tano, kesi imekwisha.

Mimi naangalia upande wa pili wa daftari. Desibeli 73 kwenye hezi 63 ni foni 40. Soni 1. Mita ya A imeizidisha besi hii, haikuipunguza. Nilipoanza niliona A ni rafiki wa mwenye baa. Kwa kiwango hiki cha sauti ni rafiki wa Bi jirani. Lakini kule ndani ya ukumbi, nilikopima kabla ya kuja, besi ni 98: A inasema 72, sikio linasema 80. Herufi ile ile, inadanganya huku na huku kwa njia mbili tofauti.

Na bado Bi jirani halali. Soni 1 ni sauti ndogo mno, friji nzee inaishinda. "Hainipigi masikioni," ameniambia, "yanipiga hapa," na ameshika kifua.

Jumapili, 11 Mei

Nimeisikiliza ile rekodi mara nyingi na vipokea sauti. Dundo linakuja kama mara mbili kwa sekunde, linakata, linarudi. Eberhard Zwicker na Hugo Fastl kule München walilichunguza jambo hili la sauti inayopanda na kushuka, wakaona sikio hushtuka zaidi pale kupanda na kushuka kunapofika kama mara nne kwa sekunde, na mara mbili hakuko mbali na hapo. Wastani wa usiku mzima unaotakwa na sheria unalisawazisha lote hilo kama uji. Ndiyo maana kwenye ISO 532-1, kiwango cha kuhesabu ukubwa wa sauti, kuna N5, yaani ukubwa unaovukwa kwa asilimia 5 tu ya muda. Mtu ukimuuliza usiku ulikuwaje hakutajii wastani; anakutajia zile nyakati zilizomkera.

Babu amekuja kula mchana. Alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, nyundo kutwa.

"Sema kwa nguvu, sikusikii."

Nimesema kwa nguvu.

"Basi! Mbona wanipigia makelele?"

Mamangu amecheka mpaka akaweka sahani chini. Lakini hiyo ndiyo sura ya sikio lililochoka. Ndani ya koklea kuna seli za vinyweleo za aina mbili: za ndani kama 3,500 katika mstari mmoja, ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo, na za nje kama 12,000 katika mistari mitatu, kazi yake kuzikuza sauti dhaifu na kuziacha kubwa zipite kama zilivyo. Nyundo huua za nje kwanza. Sauti ndogo zinapotea, kubwa zinabaki kubwa vile vile, na safari ya kutoka "sikusikii" mpaka "wanipigia makelele" inakuwa fupi. Brian Moore na Brian Glasberg wa Cambridge wana modeli inayokubali kuingizwa hasara ya namna hiyo: unaiambia hasara ni kiasi gani kwa seli za nje na kiasi gani kwa za ndani, inakutolea ukubwa wa sauti kwa sikio lile.

Tena kelele za karakana huanza kuharibu karibu na hezi 4000, siyo chini. Babu hasikii ndege asubuhi, lakini besi ya baa anaisikia kama kijana. Na ile ISO 226 imetokana na watu wa miaka 18 hadi 25 wenye masikio mazima. Nimeitazama tena karatasi ya mzee wa mtaa: waliotia sahihi karibu wote ni wazee.

Jumatano, 14 Mei

Leo nimemfanyia mamangu jaribio la mwaka 1957, la Zwicker, Flottorp na Stevens. Uvumi wa sauti, katikati yake hezi 1000, nguvu yake haibadiliki hata kidogo. Ninachobadilisha ni upana tu. Nimeanza na upana wa hezi 50. Nikapanua hadi 100. Hadi 150.

"Ni ile ile," amesema, macho kwenye mchele anaochambua.

Nikapanua hadi 400. Akainua uso.

"Mbona umepandisha?"

Sikupandisha. Nikamwonyesha mita: mshale uko pale pale. Nikaenda 1000, akavua vipokea sauti akarudi kwenye mchele wake.

Hapo ndipo desibeli tupu inapoachwa na sikio. Koklea imegawa masafa katika mikanda. Karibu na hezi 1000 mkanda una upana wa hezi 160 hivi kwa hesabu ya Zwicker, na yote aliyoipanga ni 24. Nguvu ikiwa ndani ya mkanda mmoja inabanwa pamoja. Ikimwagika kwenye mkanda wa jirani, kila mkanda unabana fungu lake peke yake kisha mafungu yanajumlishwa, na jumla inakuwa kubwa. Chukua sauti mbili za desibeli 60. Zikiwa pamoja kwenye mkanda mmoja zinakuwa desibeli 63, karibu soni 5. Zikitengana mbali, soni 4 na soni 4, nane. Kwa mita ni kitu kimoja.

Kabla ya kompyuta hesabu hii ilifanywa kwa karatasi. Nimeona nakala za zile karatasi zilizochapwa tayari. Unachora ngazi za mikanda yako 28 ya theluthi ya oktavi, kuanzia hezi 25 hadi 12,500. Ile ya chini kabisa, 11, unaikusanya iwe mitatu kwa sababu sikio huku chini halipambanui sana. Kila unapotoka ngazi ya juu kwenda ya chini, upande wa kulia, huruhusiwi kushuka wima: unafuata mteremko uliochorwa, kwa kuwa sauti nene huzifunika nyembamba zilizo juu yake. Ukimaliza unapima eneo lililo chini ya mchoro, na eneo hilo ndilo soni. Ukubwa wa sauti uliopimwa kama shamba! Mwaka 1975 ISO iliweka njia hii pamoja na ya Stevens katika ISO 532, na 2017 Stevens akatolewa. Akabaki Zwicker katika sehemu ya kwanza, wakaingia Moore na Glasberg katika ya pili. Toleo la sasa la Zwicker linakuja na programu yake kabisa. Nimeitia kwenye kompyuta ya studio. Kinachochukua muda ni kusawazisha maikrofoni.

Ijumaa, 16 Mei

Mwenye duka la fanicha amekuja kuchukua tangazo la redio.

"Mwanangu, la wenzangu linasikika mpaka jikoni, langu linanong'ona."

La mwenzake limekandamizwa mpaka halina pumzi. Nimemwekea yote mawili kwa kiwango kimoja cha LUFS, kile kipimo cha watu wa utangazaji, akasikia lake lina uhai na la mwenzake lina ubapa. Hakuridhika. Anataka liruke. Nimeliongeza kidogo, amelipa, ameondoka.

Jambo la kuchekesha ni kwamba kipimo hicho, ITU-R BS.1770 cha mwaka 2006, hakina koklea wala mikanda. Ni kichujio chepesi, wastani wa nguvu, basi. Baadaye wakaongeza lango la kuruka sehemu za kimya, vipande vya milisekunde 400. Kule Ottawa Gilbert Soulodre alizishindanisha modeli nyingi, nzito na nyepesi, na nyepesi ikafanya vizuri kama nzito au kuzishinda. Vipindi vya redio vina maneno na muziki, mikanda karibu yote imejaa wakati wote, kwa hiyo mahali pa kukosea ni padogo. Ulaya imekaa kwenye LUFS -23 tangu 2010, na Marekani ikatunga sheria nzima mwaka huo huo kuzuia matangazo ya televisheni yasipige kelele kuliko kipindi. Besi iliyopita ukutani ni kitu kingine kabisa: mkanda mmoja umejaa, mingine mitupu. Ningemletea mzee wa mtaa LUFS angekuwa amebeba namba isiyohusu.

Jumanne, 20 Mei

Mvua tangu alfajiri. Mabati ya jikoni yananguruma. Nimerekodi, nimeipitisha kwenye programu: mita inasema 60 dB(A), soni ni zaidi ya mara tatu ya sauti moja ya hezi 1000 yenye desibeli hizo hizo. Imejaza kila mkanda. Ni kubwa kwa mbali kuliko besi ya Bi jirani.

Na mtaa mzima umelala mpaka saa tatu.

Modeli inajibu swali moja: ni kubwa kiasi gani. Kero ina hesabu zake, na nyingine hazina masafa. Mvua haina mwenyewe wa kumnunia.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekwenda baa mchana, wakifagia. Kijana wa mitambo ni mpole na anaijua mikisa yake. Spika mbili za besi zimekaa sakafuni, mgongo ukutani, upande wa maghala hasa.

"Kaka, ukinitolea besi wateja watahama."

"Sikutolei besi. Nataka chini ya hezi 80 upunguze desibeli kumi, juu ya hapo usiguse. Na hizi mbili zitoke ukutani, zikae juu ya mpira."

Nimemfungulia kompyuta. Kwa ukumbini, mchoro wa Zwicker uko juu toka mwanzo mpaka mwisho. Ukipunguza kipande kile cha kushoto, jumla ya soni inashuka pungufu ya sehemu moja ya kumi. Kwa chumbani kwa Bi jirani hakuna kipande kingine. Kutoka 73 hadi 63 kwenye hezi 63, na chini ya foni 40 soni huporomoka upesi zaidi, kinachobaki ni kama theluthi moja. Desibeli zile zile kumi: huku hazitambuliki sana, kule zinaondoa theluthi mbili.

Ameutazama mchoro muda mrefu. "Kwa hiyo kupunguza volyumu yote…"

"Ungewapoteza wateja, na bibi wa watu bado angelalamika."

Mwenye baa ameingia mwishoni, akasema jaribuni wikendi hii, na mkipunguza zaidi ya hapo tutazungumza lugha nyingine.

Jumamosi, 24 Mei, usiku

Chumba kile kile, saa ile ile, mjukuu yule yule, soda nyingine. Mkanda wa hezi 63: desibeli 63. Dundo lipo ukilitafuta. Bi jirani alikaa kitandani akasikiliza, akasema, "Wamefunga?" Nikamwambia hapana, wako kazini.

Mita: 37 dB(A).

Mbili juu ya sheria. Mzee wa mtaa ameniuliza aandike nini, baa imekosa au haikukosa. Nimemwandikia namba zote mbili kwa tarehe zake, 47 na 37, na chini yake soni, ingawa najua afisa atairuka mistari ya soni. Nimeongeza ombi kwamba kichujio cha mikisa kifungwe kwa kufuli, kwa sababu kijana wa mitambo akibadilishwa, wa pili ataifungua besi yote usiku wa kwanza.

Ameikunja karatasi, ameitia mfukoni, akaniuliza kama mita hiyo inaweza kupima na mashine ya kusaga nafaka iliyo karibu na madrasa. Inaweza. Pale sauti iko kati ya hezi 500 na 4000, juu kabisa ya maneno ya mwalimu, kwa hiyo soni peke yake hazitatosha. Itabidi nihesabu pia inafunika maneno kiasi gani. Jumatatu asubuhi, kabla hawajawasha.